Jinsi ya kujibu maswali makubwa (maadili, Mungu, maana ya maisha) bila kujidanganya

Ukimuuliza mtu kama kuua ni vibaya, kama Mungu yupo, kama maisha yana maana, atakujibu hapo hapo. Sasa muulize "kwa nini" mara mbili tu, tena kwa upole, uone. Wengine wanapandisha sauti, wengine wanahamisha mada, na wengine wanakwambia hayo mambo yaliwashinda wenye akili zao sembuse wewe. Majibu wanayo, ila hawajawahi kuyakagua, na mimi hapa nataka kuonyesha namna ya kuyakagua, maana watu wengi wakisikia falsafa wanadhani ni kukariri majina ya wazee wenye ndevu kumbe ni kazi ya mikono kabisa, unachukua jibu, unaligeuza, unalibonyeza hapa na pale uone linapasukia wapi.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usije ukasema nimekuvizia: kila jibu la maswali haya linakuja na deni. Ukisema Mungu yupo kuna mambo utatakiwa kuyaeleza, ukisema hayupo kuna mengine utatakiwa kuyaeleza, na ukisema "mimi sijui na sitaki kujua" hilo nalo lina deni lake kwa sababu kesho asubuhi bado utaishi kama mtu aliyechagua upande. Mtu akikuletea jibu ambalo eti halidaiwi chochote, ujue kuna kitu kakificha.

Jua kwanza umeulizwa nini

Hatua hii ni fupi lakini ndo watu wanairuka. "Kwa nini Mungu anaruhusu mateso?" likitoka kwa mwanafunzi darasani ni swali la mantiki, anataka kujua kama imani mbili zinaweza kukaa pamoja bila kupingana. Swali hilo hilo likitoka kwa mtu aliyemzika mtoto wake jana halina uhusiano na mantiki hata kidogo, na ukimjibu kwa hoja, hata iwe nzuri namna gani, umemkosea. Huyo kaa naye. Nyamaza. Hoja hazina haraka.

Vilevile mtu akiuliza "hivi kuna haki na batili ya kweli?", mmoja anataka kujua kama ukatili ungebaki kuwa kosa hata binadamu wote wakikubaliana kuwa ni sawa, mwingine anauliza tunajuaje kipi ni kipi, na wa tatu anatafuta tu namna ya kuhalalisha alichofanya wikiendi. Tenganisha. Liandike swali kwa maneno yako, alafu chini yake andika jibu ulilonalo leo, sentensi moja, kabla hujasoma chochote. Usipofanya hivo utakutana na mwandishi mwenye maneno matamu, na baada ya wiki utaapa kwamba ulikuwa unawaza hivyo tangu utotoni.

Maadili: tafuta kesi ambayo jibu lako haliwezi kuimeza

Hapa twende taratibu maana njia hii ndo utaitumia kwa maswali yote.

Chukua jibu ambalo watu wengi wanalo hata bila kujua jina lake: kitendo kizuri ni kile kinacholeta faida kubwa kwa watu wengi. Mwanafalsafa wa Kiingereza Jeremy Bentham alilijengea mfumo mzima mwaka 1789, na mwenzake John Stuart Mill akaja kuupiga msasa. Usilidharau. Linasema raha na maumivu ya kila mtu yanahesabika sawa, ya tajiri na ya maskini, na Bentham alifika hadi kwa wanyama, kwake swali halikuwa kama mnyama anaweza kufikiri au kuongea, swali lilikuwa kama anaweza kuumia. Kwa zama zile hilo lilikuwa jambo zito.

Sasa lifanyie jaribio. Mwaka 1967 mwanafalsafa Philippa Foot alileta stori ya dereva wa tramu (gari la abiria linalopita kwenye reli mjini) iliyomshinda kuisimamisha. Mbele yake kuna wafanyakazi watano kwenye reli, pembeni kuna reli nyingine yenye mfanyakazi mmoja, na anachoweza kufanya ni kuchagua reli tu. Wengi wetu tunasema apinde, afe mmoja wapone watano. Sawa. Baadaye Judith Jarvis Thomson akaongeza kipande kingine: wewe uko juu ya daraja, tramu inapita chini ikielekea kwa wale watano, na pembeni yako kasimama mtu mnene ambaye ukimsukuma akaangukia relini, mwili wake utaisimamisha. Hesabu ni ile ile, mmoja kwa watano, lakini watu wengi waliokubali ile ya kwanza hapa wanagoma, na wanagoma haraka kabla hata hawajajua kwa nini. Ongeza na ya hospitali: wagonjwa watano wanahitaji viungo, mmoja moyo, mwingine ini, wengine figo na mapafu, na kuna mtu mzima wa afya kaja kufanyiwa chekapu tu. Daktari amchinje? Hesabu haijabadilika!

Ukifika hapo una njia tatu na uchague moja kwa uaminifu. Ya kwanza ni kushikilia kanuni yako na kuimeza kesi, useme ndio, kama kweli hakuna madhara mengine basi msukume. Wapo wanaosema hivyo na si wendawazimu, deni lao ni kwamba lazima watueleze kwa nini ule mgomo wa ndani tuupuuze wakati migomo mingine ya ndani tunaiamini. Ya pili ni kuitupa kanuni yote. Ya tatu ni kuirekebisha, mfano useme kuna tofauti kati ya kumdhuru mtu kama matokeo ya pembeni uliyoyaona yanakuja ila hukuyataka, na kumtumia mtu kama kifaa. Yule wa reli ya pili akifanikiwa kukimbia, mpango wako wa kuokoa watano bado unafanya kazi. Mnene wa darajani akikimbia, huna mpango. Tofauti hiyo ina nguvu kweli, na mimi naikubali kwa kiasi kikubwa, lakini nayo itakudai pale mtu atakapokuuliza kwa nini aliyekufa anapaswa kujali kama ulipanga au uliona tu inakuja.

Wengi wakifika kwenye tofauti ile wanarukia kwa mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, kwamba binadamu asitumiwe kama njia tu ya kufikia malengo ya mwingine, na mwaka 1785 aliliandika hilo vizuri sana. Haya, nalo lifanyie jaribio, usilihurumie kwa sababu linapendeza. Kesi yenyewe Kant aliikubali kwa mdomo wake mwaka 1797: rafiki yako kajificha ndani kwako, muuaji anagonga mlango anauliza kama yumo. Unaruhusiwa kudanganya? Kant alisema hapana. Mimi hapo ndo namuaga mzee kwa heshima zote, lakini angalia kwamba ukimuaga lazima useme kipi ndani ya kanuni yake unakibakiza na kwa nini, la sivyo unachagua kwa kufuata unavyojisikia alafu unaiita falsafa.

Huku kwenda na kurudi kati ya kanuni na kesi, unarekebisha kanuni kwa sababu ya kesi na wakati mwingine unarekebisha hisia zako kuhusu kesi kwa sababu kanuni imekushawishi, John Rawls aliutetea mwaka 1971 kama ndo utaratibu wenyewe wa kufikiri kuhusu maadili. Kwa hiyo usione aibu ukibadilisha. Aibu ni kubadilisha kanuni kila ikikugusa wewe na kuirudisha ikimgusa jirani.

Kitu kimoja cha kucheki kwenye hoja yoyote ya maadili, yako au ya mwenzako: tafuta sentensi ambapo "iko hivi" inageuka ghafla kuwa "inapaswa kuwa hivi". David Hume aliona hili mwaka 1740, kwamba waandishi wanaeleza mambo yalivyo, kurasa kadhaa, alafu ghafla wanaanza kuamrisha bila kusema wamevuka vipi. Mtu anakwambia wanyama nao wanafanya, kwa hiyo ni sawa. Au kitu flani kimefanyika miaka yote, kwa hiyo tuendelee nacho. Kuna wanyama wanakula watoto wao. Msimamishe hapo hapo kwenye "kwa hiyo" umuulize imetoka wapi, nusu ya ubishi wa maadili unaisha hapo, au angalau unakuwa ubishi wa kweli.

Mungu: pima hoja imefika wapi, usipime ulitaka ifike wapi

Kosa kubwa upande huu, waumini na wasioamini wote, ni kuchukua hoja iliyotembea hatua mbili na kudai imefika safari nzima.

Mfano hoja ya chanzo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliiweka kwa ufupi mzuri: kila kilichoanza kuwepo kina kilichokisababisha, ulimwengu ulianza kuwepo, basi ulimwengu una kilichousababisha. Ibn Sina kabla yake alikuwa na njia tofauti, yeye hakuhitaji ulimwengu uwe na mwanzo, alisema vitu vyote tunavyoviona vingeweza kutokuwepo, kwa hiyo mnyororo mzima unahitaji kitu ambacho hakingeweza kutokuwepo. Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa Kikatoliki, naye karne ya 13 akapita njia zinazokaribiana na hiyo. Tuseme hoja zote zimefaulu. Umepata nini? Umepata chanzo, au kitu cha lazima. Bado hujapata kwamba kinakusikia, kinakupenda, au kinajali ulikula nini leo. Huo mwendo uliobaki unahitaji hoja nyingine, na wazee hao walilijua hilo vizuri ndo maana waliendelea kuandika, wanaoishia hatua ya kwanza ni sisi wa mabishano ya usiku.

Na upande wa pili una deni lake. Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell, aliyekuwa upande wa wasioamini, alibishana na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC, na alipobanwa kuhusu kwa nini ulimwengu upo, msimamo wake ulikuwa kwamba upo tu, basi, hakuna la zaidi. Unaruhusiwa kusema hivyo. Ila ukishasema hivyo huwezi tena kumcheka muumini akisema Mungu yupo tu bila chanzo, mnatofautiana mahali pa kusimamisha maswali, wote mmesimama.

Sasa tatizo la uovu, yaani kwa nini kuna uovu kama Mungu ni mwema na anaweza yote, na hapa nina stori ninayoipenda kuliko zote. Inasimuliwa kwamba al-Ash'ari alipokuwa bado na mwalimu wake al-Jubba'i wa Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu walioshikilia kwamba Mungu ni mwadilifu na humfanyia mja lililo bora kwake, alimuuliza kuhusu ndugu watatu. Mmoja alikufa mtu mzima mcha Mungu, wa pili alikufa mtu mzima muovu, wa tatu alikufa mtoto mdogo. Wa kwanza kapata daraja ya juu, wa pili kaadhibiwa, wa tatu kasalimika ila hana daraja ile ya kaka yake. Mtoto akiuliza, Mola wangu mbona hukuniacha niishi nifanye mema kama kaka? Mwalimu akajibu, ataambiwa ulijulikana kwamba ungekua ungekuwa muovu, kwa hiyo kufa mapema ilikuwa bora kwako. Ash'ari akasema: basi yule wa pili atapiga kelele kutoka motoni, Mola wangu, mbona mimi hukuniua nikiwa mdogo? Inasemekana mwalimu alikosa jibu, na Ash'ari akaondoka.

Iwe ilitokea kweli au haikutokea, angalia jinsi ilivyofanya kazi. Hakusema "wewe huna imani" wala hakuleta matusi. Alichukua jibu la mwalimu kama lilivyo, akalipeleka hatua moja mbele. Na angalia deni alilolichukua yeye baada ya kuondoka: wafuasi wa njia yake walisema jema ni jema kwa sababu Mungu kaliamrisha, hakuna mzani juu yake wa kumpimia. Hapo unaokoa enzi ya Mungu, lakini unagongana na swali lililoulizwa Athens karne nyingi kabla. Plato anaandika kwamba Socrates, akiwa anaenda kujibu mashtaka yaliyokuja kumuua mwaka 399 kabla ya Kristo, alikutana na Euthyphro, jamaa ambaye alikuwa anamshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua, na alikuwa na uhakika kabisa anajua uchaji ni nini. Socrates akamuuliza: kitu kinapendwa na miungu kwa sababu ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa sababu kinapendwa? Ukichagua la pili, basi ukatili ungeamrishwa ungekuwa wema. Ukichagua la kwanza, kuna kipimo ambacho hakikutegemea amri. Waumini wengi wanajibu kwamba wema ni asili ya Mungu mwenyewe, si amri ya kubahatisha wala kipimo cha nje. Jibu zuri, na lenyewe linaulizwa: tunajuaje asili hiyo ni njema kama hatuna picha yoyote ya wema kabla?

Kwenye mateso, jibu maarufu zaidi ni hiari, kwamba Mungu alimpa binadamu uhuru wa kuchagua na uovu unatokana na uhuru huo, na mwanafalsafa Alvin Plantinga mwaka 1974 alilikaza mpaka hata wapinzani wengi wakakubali kwamba Mungu na uovu havipingani kimantiki. Lakini soma vizuri alichodai, alidai tu kwamba havipingani, hakudai kwamba kaeleza kwa nini mateso yapo mengi hivi. William Rowe mwaka 1979 akahamisha ubishi kwa mfano wa mtoto wa paa aliyeungua kwenye moto wa msitu ulioanzishwa na radi, akagaagaa kwa maumivu siku kadhaa kabla ya kufa, hakuna binadamu aliyejua. Hiari ya nani ililindwa pale? Muumini anaweza kujibu kwamba kutoona sababu si sawa na sababu kutokuwepo, na kimantiki yuko sahihi kabisa. Ila deni lake ni zito: kama hatuwezi kujua mateso yapi yana sababu iliyofichika, unajuaje kwamba unapomzuia mtu asiumie huharibu kitu? Sisemi halilipiki, nasema lina riba.

Pascal na dau lake, kwamba ukiamini na Mungu yupo unapata kila kitu na asipokuwepo hupotezi cha maana, nitapita haraka tu. Ni hoja kuhusu faida ya kuamini, haisemi chochote kuhusu kama Mungu yupo, na inadhani kuna Mungu mmoja tu wa kuwekea dau.

Kimazoezi: chukua hoja yoyote ya Mungu unayoipenda, andika sentensi yake ya mwisho, alafu chini yake andika unachoamini wewe. Pengo kati ya mistari hiyo miwili lijaze na neno la kweli, iwe "imani", "malezi", "uzoefu wangu", chochote, ila usiliite hoja.

Maana ya maisha

Hapa watu wanaanza na huzuni. Wanasema baada ya miaka milioni hakuna atakayejua tuliishi, kwa hiyo hakuna kitu cha maana. Thomas Nagel mwaka 1971 alilijibu hili kwa njia inayoudhi kwa urahisi wake: kama mambo ya leo hayatakuwa na maana baada ya miaka milioni, basi kwa hesabu hiyo hiyo, habari ya miaka milioni ijayo haina maana leo. Umbali wa muda peke yake hauondoi kitu. Na kinyume chake pia, hebu fikiria kazi ya kipuuzi inayodumu milele, urefu hauiokoi. Nagel alidhani tatizo la kweli liko kwetu, tunaishi kwa bidii kabisa na wakati huo huo tuna uwezo wa kujitazama kutoka mbali na kujiona vichekesho, na haiwezekani kuzima jicho moja. Albert Camus mwaka 1942 alitaka tuishi na hali hiyo kwa uasi, Nagel akaona hiyo ni drama kidogo. Mimi niko na Nagel.

Muumini naye asikimbilie kusema "maana ni kusudi la aliyeniumba" na kufunga kitabu. Mtu angeweza kuzalishwa na wazazi kwa kusudi maalumu la kuja kuuza figo yake, kusudi lipo, limepangwa na waliomleta duniani, na bado tusingesema hapo kapata maana. Kwa hiyo kusudi peke yake halitoshi, lazima liwe kusudi zuri, na umerudi kwa Euthyphro. Asiyeamini akisema "maana najitengenezea mwenyewe" muulize kama mtu aliyeamua kuhesabu majani ya nyasi maisha yake yote, kwa furaha, naye katengeneza. Susan Wolf ana jibu la katikati, kwamba maana inatokea mtu anapopenda kitu ambacho kweli kinastahili kupendwa, zote mbili kwa pamoja. Linanivutia, ila nani anaamua kinachostahili, hapo Wolf mwenyewe anakubali hana orodha.

Kwa vitendo, fanya jaribio la Robert Nozick la 1974. Kuna mashine, ukiingia utahisi kila raha unayoitaka, utaamini una marafiki, umeandika vitabu, umelea watoto vizuri, na hutajua kwamba uko ndani ya mashine. Utaingia maisha yote? Usijibu jumla. Pita kitu kimoja kimoja: urafiki wa bandia usioutambua ungekutosha? Heshima ya bandia? Kumsaidia mtu ambaye hayupo? Utashangaa mengine utakubali bila shida, chakula kizuri cha mashine sioni cha kunikataza, na mengine utagoma kabisa. Pale unapogoma simama uandike unachokidai, maana ni kitu zaidi ya kujisikia vizuri, na ujiulize wiki iliyopita ulikipa saa ngapi.